Leseni ya NEMA imetoka na ripoti hatukuiona: je, tumechelewa?

Swali: "Mimi ni mfugaji kaskazini mwa Kenya. Mwaka jana kampuni ilikuja kutueleza kwamba inataka kujenga mitambo ya umeme wa upepo kwenye ardhi yetu ya jamii. Tuliitwa mkutano mmoja shuleni, tukaandika majina kwenye karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda na nauli. Ripoti ya mazingira hatukuiona. Wiki tatu zilizopita tumesikia NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, imetoa leseni. Mwenyekiti wa kamati anasema hatuna la kufanya: eti sheria ya mazingira ya 1999 ilifutwa na Sheria ya Kawi ya 2019, kaunti imeshakubali, na tutapata asilimia tano kila mwaka. Baba yangu naye anasema tusijisumbue kwa kuwa korti humsikiliza mwenye hati ya ardhi tu. Sisi hatupingi umeme. Tunataka kujua malisho na visima vitakuwaje. Nani anasema kweli?"

Hamjachelewa, ila siku zinakwenda. Kwa hiyo naanza na lenye haraka kabla ya kurudi kwa mwenyekiti na kwa mzee.

Kifungu cha 129 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, ile tunayoiita EMCA, kinampa mtu asiyeridhika na utoaji wa leseni siku 60 za kukata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Jopo limekuwa kali sana kuhusu siku hizo, na rufaa nyingi zenye hoja nzuri zimetupwa kwa sababu zilifika zimechelewa. Unasema mlisikia habari hii wiki tatu zilizopita. Hiyo ndiyo siku mliyosikia. Leseni yenyewe huenda ilitiwa saini kabla ya hapo. Kwa usalama wenu, hesabuni kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye leseni. Kesho asubuhi watu wawili waende ofisi ya NEMA ya kaunti na barua ya kuomba nakala ya leseni, masharti yake na ripoti nzima ya tathmini ya athari kwa mazingira. Nakala yenu ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Kifungu cha 123 cha EMCA kinawapa haki ya kuona kumbukumbu hizo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Msisubiri majibu hayo ndipo mmtafute wakili. Fanyeni yote mawili kwa pamoja.

Sasa nije kwa mzee. Baba yako anaeleza Kenya aliyoijua, na Kenya hiyo ilikuwepo kweli. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia ujenzi wa jengo la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Kesi ilitupwa. Sababu haikuwa kwamba bustani ile haikustahili kulindwa. Mahakama ilisema yeye hakuwa na haki ya kuishtaki kampuni iliyotaka kulijenga, kwa kuwa hakuonyesha ni madhara gani yangempata yeye binafsi zaidi ya wananchi wengine. Jengo halikujengwa, lakini lilizuiwa na kelele za wananchi na wafadhili kujiondoa. Sheria haikuchangia kitu.

Wakati huo Kenya haikuwa na sheria moja ya mazingira. Kanuni zilikuwa zimetawanyika katika sheria zaidi ya 70: kidogo kwenye sheria ya maji, kidogo kwenye misitu, kidogo kwenye kilimo, kidogo kwenye afya ya umma, na kila moja ikiwa na wizara yake. Mwananchi aliyetaka kulalamika kuhusu moshi au maji machafu alizungushwa ofisi hadi ofisi, na akifika kortini aliulizwa hati yake iko wapi.

EMCA iliyotungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika Januari 2000 ilibadilisha mambo mawili makubwa. La kwanza liko kwenye kifungu cha 3: mtu yeyote anaweza kwenda kortini kudai mazingira safi, hata kama madhara hayamgusi kuliko wenzake. La pili ni kifungu cha 58: miradi ya aina fulani haiwezi kuanza kabla ya kufanyiwa tathmini na kupewa leseni. Katiba ya 2010 ikalipandisha hilo la kwanza ngazi ya juu zaidi. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 70 inasema wazi kwamba anayekwenda kortini kudai haki hiyo halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu amepata hasara au kuumia. Mwambie mzee kwa heshima kwamba swali alilolijua yeye, la nani mwenye hati, halifungi tena mlango wa kesi ya mazingira. Hati ina uzito kwenye suala la ardhi, nami nitalifikia.

Mwenyekiti wenu amechanganya historia mbili. Sheria za kawi zilikuwa na njia yake, nayo haikuwahi kufuta ile ya mazingira. Kwa miaka mingi umeme ulitazamwa kama kazi ya serikali na mashirika yake, na aliye chini ya nyaya hakuwa sehemu ya mazungumzo. Sheria ya mvuke wa ardhini ya 1982, iliyotungwa wakati mitambo ya kwanza ya Olkaria ikianza kazi, ilisema rasilimali hiyo ni ya Serikali. Sheria ya Nguvu za Umeme ya 1997 iliunda bodi ya kudhibiti sekta, na wakati huohuo uzalishaji ukatenganishwa na usambazaji. Ndiyo maana leo KenGen na Kenya Power ni kampuni mbili. Sheria ya Kawi ya 2006 iliunganisha umeme na mafuta chini ya mdhibiti mmoja na kuanzisha mamlaka ya umeme vijijini. Kisha ikaja ya 2019.

Hiyo ya 2019 ilifuta Sheria ya Kawi ya 2006 na ile ya mvuke ya 1982. EMCA haikuiondoa. Iliunda EPRA inayodhibiti kawi na petroli, ikaunda jopo la rufaa la sekta hiyo, na ikaruhusu mwenye sola au chanzo kingine safi kisichozidi megawati moja kuuza umeme wa ziada kwenye gridi kwa utaratibu maalumu. Kampuni inayotaka kuzalisha umeme wa kuuza sasa inahitaji leseni ya EPRA, na inahitaji leseni ya NEMA pia. Kuwa na moja hakuiondoi nyingine. Mtu akikuonyesha leseni ya kawi kama jibu la swali la mazingira, hajalijibu. Na umeme wa upepo kuwa kawi safi hakuuondolei mradi wajibu wa kufanyiwa tathmini. Nalisisitiza hilo kwa sababu siku hizi nasikia watu wakielezwa kwamba mradi wa kupunguza hewa ukaa ni mzuri kwa dunia nzima, basi kijiji kikubali tu. Mradi unaweza kuwa mzuri kwa dunia huku barabara zake zikikata njia ya ng'ombe kwenda kisimani. Tathmini ipo ili yote mawili yaonekane.

Kuhusu kaunti, mwenyekiti ana nusu ya ukweli. Jedwali la Nne la Katiba linataja usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi katika orodha ya Serikali ya Kitaifa na tena katika orodha ya kaunti. Kwa hiyo kaunti ina sauti. Lakini sauti ya kaunti haichukui nafasi ya jamii kwenye ardhi ya jamii, na hapa ndipo ningetaka usome polepole.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kifungu cha 36, inasema makubaliano ya uwekezaji kwenye ardhi ya jamii hayana nguvu mpaka theluthi mbili ya wanajamii watu wazima wayapitishe kwenye mkutano ulioitwa kwa kazi hiyo, nao uhudhuriwe na angalau theluthi mbili yao. Kamati haiwezi kusaini kwa niaba yenu gizani. Je, jamii yenu imesajiliwa chini ya sheria hiyo? Kama haijasajiliwa, kaunti inaishika ardhi kama mdhamini tu. Haiwezi kuiuza wala kuihamisha, na fedha za fidia zikilipwa inatakiwa kuziweka kwenye akaunti maalumu kwa ajili yenu. Kama usajili bado, uanzeni mwezi huu. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo litakalowalinda kuliko kesi yoyote, hata baada ya mradi huu kupita.

Haya si ya vitabuni. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana katika Kaunti ya Marsabit una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, nao uliunganishwa na gridi mwaka 2018. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo, kiasi cha ekari 150,000, hazikupatikana kwa kufuata utaratibu wa sheria ya ardhi ya udhamini. Mitambo ilikuwa inazunguka tayari. Jamii ilishinda hoja, lakini ilishinda mitambo ikiwa imekwisha simama, na hali hiyo ni ngumu kwa kila upande. Muulize mwenyekiti kama kampuni yenu ingependa kufika huko. Hoja hiyo huwa inawafanya wawekezaji wakae mezani.

Asilimia tano ni ahadi mnayopaswa kuichunguza. Nadhani najua ilikotoka. Sheria ya Kawi ya 2019 inagawa mrabaha wa mvuke wa ardhini: Serikali ya Kitaifa asilimia 75, kaunti 20, jamii ya eneo 5. Sheria ya Petroli ya mwaka huohuo nayo inazitengea kaunti 20 na jamii 5. Mgao huo ni wa mvuke na mafuta. Upepo haumo. Kwenye mradi wa upepo, kile jamii inachopata kinategemea kilichoandikwa kwenye mkataba wenu wa ardhi na maendeleo. Kisipoandikwa, hakipo. Jambo la karibu na hilo ni mabadiliko ya 2023 kwenye Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Kama kampuni itauza hati za kaboni, yaani vyeti vya hewa ukaa iliyopunguzwa, kutokana na mradi, sheria inataka mkataba wa maendeleo ya jamii, na inaitengea jamii sehemu ya mapato ya kila mwaka: asilimia 40 kwa miradi inayotegemea ardhi na 25 kwa isiyotegemea ardhi, baada ya kutoa gharama. Iulizeni kampuni kwa maandishi: mtauza kaboni au hapana?

Sasa ule mkutano wa shuleni. Hapa ndipo kesi yenu ilipo, ikiwa mnayo.

Kanuni za tathmini za 2003 ziliweka kiwango cha chini cha ushirikishaji wa umma wakati utafiti kamili unafanywa: matangazo yabandikwe mahali watu wanapopita, gazeti litangaze, redio itangaze kwa lugha rasmi na lugha ya eneo, na kufanyike mikutano isiyopungua mitatu na walioathirika. Mwaka 2019 jedwali la miradi lilipangwa upya kwa kiwango cha hatari: ndogo, ya wastani na kubwa. Ndiyo maana swali la kwanza atakalouliza wakili ni kama mradi wenu ulipitia ripoti fupi ya mradi au utafiti kamili. Mradi mkubwa uliopitishwa kwa ripoti fupi ni hoja peke yake.

Idadi ya mikutano si kila kitu. Uamuzi ninaotaka muujue ni wa Lamu. Kampuni ilitaka kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi. NEMA ilitoa leseni Septemba 2016, wakazi wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo. Mikutano ilikuwa imefanyika, majina yalikuwepo. Tatizo lililoonekana na jopo ni kwamba mikutano ile ilikuwa ya kuutambulisha mradi kabla utafiti haujakamilika. Baada ya utafiti kutoka, watu hawakupewa nafasi ya kweli ya kuelezwa ulichobaini na kutoa maoni yao. Mtu hawezi kusema ndiyo wala hapana kwa madhara asiyoelezwa. Jopo pia lilitaja kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa.

Kwa hiyo mkiipata ripoti, msianzie ukurasa wa kwanza wenye picha nzuri. Nendeni kwenye viambatisho vya nyuma. Humo mtakuta kumbukumbu za mikutano na zile karatasi za mahudhurio. Linganisheni tarehe ya mkutano na tarehe ya ripoti kukamilika. Someni majina moja baada ya jingine: je, ni watu wa kwenu kweli, au wametoka mjini? Angalieni mkutano uliendeshwa kwa lugha gani na nani alitafsiri. Tafuteni maswali yenu: mliyouliza kuhusu visima yameandikwa, na kama yameandikwa yamejibiwa au yamefuatwa na sentensi moja kwamba "jamii iliunga mkono mradi"? Kisha fungueni ramani na mtie alama wenyewe kwa kalamu: kisima cha kiangazi, njia ya mifugo, malisho ya akiba, makaburi. Kama mitambo, barabara na laini ya umeme zinapita juu ya alama zenu na ripoti haisemi lolote, mmepata kitu kizito. Na saini kwenye karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba ulikuwepo. Haithibitishi kwamba ulikubali, hata kama ulikunywa soda yao.

Mna njia kadhaa, na nitazipima bila kuwapaka mafuta.

Rufaa kwa jopo ndiyo njia ya kawaida ya kupinga leseni, na haina mambo mengi kama korti. Ombeni kwa maandishi amri ya kusimamisha kazi hadi rufaa isikilizwe. Msitegemee kwamba matingatinga yatasimama yenyewe kwa kuwa mmewasilisha karatasi. Udhaifu wake ni muda. Ile ya Lamu ilichukua zaidi ya miaka miwili na nusu. Na mkishinda, kampuni inaweza kurudia tathmini vizuri na kuomba leseni upya, jambo ambalo kwenu huenda si baya, maana mnachotaka ni kusikilizwa.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011, inafaa kwa suala la ardhi yenyewe na kwa madai ya haki za ibara ya 42. Kulikuwa na mvutano wa miaka kuhusu nani aanzie wapi. Katika kesi ya Kibos ya 2020, Mahakama ya Juu ilisema masuala ambayo sheria imeyapeleka kwa jopo yaanzie kwa jopo. Desemba 2023, katika kesi nyingine iliyohusu haki ya mazingira safi, mahakama hiyohiyo ikasema kuwepo kwa njia nyingine hakumzuii mtu mwenye dai la haki ya kikatiba kwenda moja kwa moja kwenye mahakama ya mazingira. Kuchagua vibaya kunaweza kuwagharimu zile siku 60, kwa hiyo msijichagulie wenyewe.

Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, ambayo mabadiliko ya 2015 yaliipa jina hilo, hupokea malalamiko ya mwananchi bila wakili. Ni nzuri kwa uchunguzi na kwa kuweka kumbukumbu. Haitafuta leseni, na kuipelekea barua hakusimamishi siku za rufaa. Leseni ya EPRA ina njia yake ya rufaa, kwa jopo la kawi na petroli.

Na mazungumzo? Kwa kuwa hampingi umeme, naamini ndiko mtakakoishia, na ni kuzuri. Mwombeni mwekezaji akubali masharti yaongezwe kwenye leseni: njia za mifugo ziachwe wazi, visima vipimwe kabla na baada ya ujenzi, kelele zipimwe karibu na maboma. Chini ya kifungu cha 68 cha EMCA miradi hukaguliwa, kwa hiyo sharti lililoandikwa linaweza kudaiwa mwaka baada ya mwaka. Lakini ushauri wangu ni huu: zungumzeni rufaa ikiwa imeshawasilishwa. Rufaa inaweza kuondolewa mkielewana. Siku ya 61 hairudishwi. Miradi huvunjika pia pale watu wanapobaki bila njia ya kusikilizwa. Ule wa upepo wa Kinangop uliachwa mwaka 2016 baada ya wakazi kuupinga kwa nguvu, na hakuna aliyenufaika.

Muoneni wakili wiki hii, ana kwa ana, mkiwa na leseni au bila. Mimi sijaiona leseni yenu wala mkataba, na mambo matatu yanaweza kubadilisha kila nilichosema: tarehe ya leseni, hali ya usajili wa ardhi, na kama kuna mtu aliyekwisha saini mkataba kwa jina lenu. Kama hamna uwezo wa kulipa, Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, na kuna mashirika ya haki za mazingira na ardhi yanayochukua kesi za jamii. Matingatinga yakifika kabla hamjamwona wakili, pigeni picha zenye tarehe, msiguse mashine wala kuwazuia wafanyakazi kwa mikono, na mwambieni wakili siku hiyohiyo ili aombe amri ya dharura.

Mkienda, chagueni watu watatu wanaoaminika na pande zote, mmoja wao awe mwanamke anayeteka maji kwenye visima hivyo. Mbebe barua yenye muhuri wa NEMA, majina ya waliohudhuria mkutano wa shuleni na waliokosa kualikwa, picha za matangazo kama yalikuwepo, ujumbe wowote wa simu kutoka kwa kampuni, na ile ramani mliyoitia alama.